Je, watazamaji wanatukimbia kwa sababu mshindi anajulikana mapema? Soka la wanaume katika vyuo vidogo vya Marekani

Mtanga wa Pennsylvania aliuliza:

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote. Ninafanya kazi katika ofisi ya michezo ya chuo kimoja kidogo huku Pennsylvania, chuo chenye wanafunzi wasiofika 1,500, na mwaka huu nimekabidhiwa jukumu la kuhakikisha kwamba timu yetu ya soka ya wanaume inapata watazamaji. Tuko Daraja la Tatu la NCAA, chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo vya Marekani. Kwa asiyelifahamu daraja hili, lina vyuo zaidi ya 400, na msingi wake ni kwamba mwanafunzi hapewi ufadhili wa masomo kwa sababu ya kipaji chake uwanjani. Anacheza kwa kuwa anapenda, na ada analipa kama wenzake, au anapata msaada kwa kigezo cha kipato cha wazazi na ufaulu wa darasani.

Kwa kanuni hiyo ningetarajia timu zikaribiane kwa nguvu, lakini sivyo ninavyoona. Jumamosi iliyopita tulifungwa mabao sita bila jibu, tena nyumbani kwetu. Kabla ya mpira kuanza niliwahesabu watazamaji mmoja mmoja nikapata 71, na baada ya mapumziko nikahesabu tena nikapata 38, wengi wao wakiwa wazazi wa wageni waliokuja na viti vyao vya kukunja na mablanketi. Kilichonichoma zaidi ni vijana wanne wa mwaka wa kwanza waliofika na ngoma na bango walilolichora wenyewe usiku wa kuamkia mechi. Walisimama nyuma ya goli wakaimba kwa dakika 20 hivi, bao la tatu likaingia, wakaanza kulikunja bango lao taratibu. Mmoja wao alinifuata akaniuliza kwa adabu kama mambo huwa hivi kila wiki. Sikuwa na la kumjibu, na swali lake halijanitoka kichwani.

Mkubwa wangu wa kazi anaamini kwamba tatizo ni pengo la nguvu, na anataka msimu ujao mechi zote zilizo nje ya ligi yetu tucheze na timu dhaifu, ili tushinde nyumbani na watu warudi. Mimi nina mashaka na dawa hiyo, ila sina hoja ya kumpelekea. Naomba wenye uzoefu wanisaidie: pengo hili la nguvu linatoka wapi ikiwa hakuna anayenunua wachezaji, na je, ni kweli kwamba ndilo linalowafukuza watazamaji?

Kiungo wa Zamani alijibu:

Kaka, pole kwa kipigo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na nilicheza miaka minne katika chuo cha daraja hilohilo huko Ohio, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za matokeo kama hayo.

Kuhusu chanzo cha pengo, usiishie kwenye kanuni ya kutokuwapo kwa ufadhili wa michezo, kwa maana fedha huingia kwa mlango mwingine. Chuo chenye mfuko mkubwa wa wakfu kinaweza kumwambia kijana, awe mchezaji au asiwe, kwamba pengo lote kati ya ada na uwezo wa wazazi wake litafidiwa. Amherst ya Massachusetts, kwa mfano, tangu mwaka 2008 inawadahili hata wanafunzi wa kigeni bila kutazama uwezo wao wa kulipa. Mzazi wa Nakuru au wa Accra aliye na mtoto hodari darasani na uwanjani akipata barua mbili, moja ya chuo kama hicho na nyingine ya chuo kinachoishi kwa ada, hana haja ya kufikiri mara mbili. Hakuna sheria iliyovunjwa, na kocha hakutoa hata senti, lakini mchezaji amekwenda kule kulikokuwa na wakfu.

Kwa upande wa pili wako vyuo vinavyohitaji idadi ya wanafunzi ili vijiendeshe, na kwavyo timu ya soka ni njia ya udahili. Utakuta kocha ameagizwa alete vijana 15 kila mwaka, kikosi kinafika watu 40, na nusu yao hawavai jezi siku ya mechi. Kocha wa namna hiyo anapimwa kwa idadi ya waliolipa ada kabla ya kupimwa kwa mabao, na kwa kuwa mshahara ni mdogo, baada ya misimu miwili anaondoka na timu inaanza upya.

Hata hivyo fedha haziielezi Messiah, ambayo iko jimboni kwako. Ni chuo cha Kikristo kisicho na utajiri wa akina Amherst, na bado kati ya mwaka 2000 na 2017 kimetwaa ubingwa wa taifa mara 11. Dave Brandt alikiongoza kuchukua makombe sita ya kwanza, na alipoondoka baada ya ubingwa wa 2008, Brad McCarty alipokea kijiti akatwaa kombe mwaka uliofuata, kisha akaongeza mengine manne. Kocha alibadilika na mchezo haukubadilika. Nadhani hilo la kudumu na jambo moja kwa miaka mingi lina uzito kuliko tunavyodhani, na chuo kidogo kinaweza kulimudu.

Niongeze kanuni moja ambayo wageni wa soka la vyuo hawaioni kwa haraka. Huku mabadiliko ya wachezaji ni mengi kuliko katika soka la kawaida, na aliyetolewa anaweza kurudi kipindi cha pili. Timu yenye wachezaji 20 wa kiwango kimoja hukukaba kwa nguvu mpya kila baada ya robo saa, wakati wewe una 12 wa kutegemewa. Bao la nne, la tano na la sita mara nyingi hutoka hapo. Naamini hata mabao yenu sita hayakugawanyika sawasawa katika dakika 90.

Mwalimu wa Takwimu alijibu:

Ndugu Mtanga, nafundisha takwimu Dodoma na kwa miaka kadhaa nimefuatilia suala la uwiano wa ushindani katika michezo, hivyo naomba nilijibu swali lako la pili.

Mkubwa wako anasimama juu ya hoja yenye historia. Mwaka 1956 mchumi Simon Rottenberg, akichunguza soko la wachezaji wa besiboli, alieleza kwamba watazamaji huvutwa na kutojulikana kwa matokeo, na kwamba timu moja ikizidi mno wenzake, hata yenyewe hupata hasara. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inabidi tuulize ni matokeo gani ambayo hayapaswi kujulikana: ya mechi ya leo, ya nafasi za ligi mwezi Oktoba, au ya ubingwa wa taifa miaka kumi mfululizo? Mambo haya matatu huchanganywa, na shabiki hayapimi kwa mizani moja.

Tukianza na ubingwa wa taifa, Messiah na Tufts, chuo cha Massachusetts, peke yao zilichukua makombe 15 kati ya 20 yaliyoshindaniwa kuanzia 2000 hadi 2019, yaani 11 kwa Messiah na manne kwa Tufts. Calvin ya Michigan ilifika fainali mara nne kati ya 2009 na 2018 ikapoteza zote. Ukiishia hapo utasema mlango umefungwa. Lakini baada ya mashindano ya 2020 kufutwa kwa sababu ya korona, kombe lilikwenda kwa Connecticut College mwaka 2021, kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Amherst, kisha Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2022, kisha St. Olaf ya Minnesota mwaka 2023, na kwa vyuo vyote vitatu ulikuwa ubingwa wa kwanza wa soka la wanaume. Ile Chicago ya 2022 ilimaliza msimu kwa ushindi wa mechi 22 na sare moja, chini ya Julianne Sitch, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu wa timu hiyo na akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume kutwaa ubingwa wa soka wa NCAA. Jambo hili linanifurahisha kila ninapolikumbuka.

Sasa, je, watu walijaa zaidi viwanjani mwa vyuo vidogo kwa sababu kombe lilianza kuzunguka? Siamini hivyo, kwa kuwa mwanafunzi wa chuo chako hakuja uwanjani Jumamosi kutafuta bingwa wa taifa. Alitaka kuona kama vijana anaosoma nao watapambana. Kwa hiyo uwiano unaomhusu ni ule wa ndani ya ligi yenu, na hapo mpangilio wa mashindano unakusaidia. Bingwa wa ligi hupata nafasi ya moja kwa moja katika mtoano wa taifa wenye timu 64, na ligi nyingi humpata bingwa huyo kwa mashindano madogo ya mwisho wa msimu, ambayo timu iliyoshika nafasi ya nne, wakati mwingine hata ya sita, huingia. Timu iliyofungwa sita mwezi Septemba inaweza kucheza mechi ya kufa na kupona mwishoni mwa Oktoba. Swali ni kama kuna mtu aliyewaeleza wanafunzi hilo.

Kuhusu kutafuta vibonde, tahadhari. Tangu 2024 Daraja la Tatu hupanga timu kwa hesabu inayopima matokeo pamoja na ubora wa wapinzani, kwa hiyo ushindi juu ya dhaifu una faida ndogo. Na mtazamaji si mjinga: ushindi wa sita bila anauchoka upesi kama anavyochoka kuona timu yake ikifungwa sita. Tazameni nyumbani Tanzania. Tangu Azam ilipotwaa ubingwa wa 2013/14, kombe la ligi limekuwa likipokezana kati ya Simba na Yanga tu, na bado siku wanapokutana hakuna kiti kinachobaki wazi. Kinachowajaza watu hapo ni kwamba kila mmoja anajua yuko upande gani.

Kiungo wa Zamani alijibu:

Mwalimu, nakubaliana nawe kwa mengi, ila mfano wa Simba na Yanga nauwekea mpaka. Shabiki wa Yanga amezaliwa nyumba ya Yanga, atazikwa akiwa Yanga, na babu yake alikuwa hivyohivyo. Shabiki wa chuo huhitimu. Baada ya miaka minne anafunga virago anakwenda Chicago au Atlanta kutafuta kazi, na anayekuja bwenini mwake hajui hata rangi za jezi. Kila Agosti unaanza kumjenga shabiki upya, na ukimkosa katika wiki tatu za kwanza umemkosa kabisa, kwani msimu wote wa kawaida huisha ndani ya miezi miwili na nusu. Ndiyo maana wale vijana wanne wa ngoma wananiuma hata mimi ambaye sikuwapo.

Kinachoweza kuwarithisha mashabiki wasiojuana ni upinzani wenye desturi yake. Hukohuko kwenu Pennsylvania, Elizabethtown, bingwa wa taifa wa 1989, na Messiah wana mechi ambayo wanafunzi huja na mifuko ya peremende zile nyeupe laini kama pamba na kurushiana jukwaani, hata mechi yenyewe ikapewa jina la peremende hizo. Mwaka 2014 Elizabethtown ilihamia ligi nyingine, na desturi haikufa. Hakuna anayekwenda pale kwa kuwa uwezekano wa kushinda ni nusu kwa nusu, maana kwa miaka mingi haukuwa hivyo. Anakwenda kwa kuwa aliyemtangulia bwenini alimwambia siku hiyo hukosi.

Njia nyingine ni mji. Hartwick, chuo kidogo cha Oneonta katika jimbo la New York, kilitwaa ubingwa wa Daraja la Kwanza mwaka 1977 kwa kuifunga San Francisco mabao mawili kwa moja, na mji ule mdogo wa milimani ukajijengea sifa ya soka kiasi kwamba jumba la kumbukumbu la soka la taifa lilifunguliwa pale mwaka 1999, likafungwa 2010. Leo Hartwick iko Daraja la Tatu nanyi. Mji ndio shabiki asiyehitimu, kaka.

Na jambo dogo la mwisho, ambalo kwangu lilikuwa kubwa. Katika chuo chetu mtangazaji wa uwanjani, mzee mstaafu wa idara ya hesabu, alinijia kabla ya mechi yangu ya kwanza akiwa na penseli na karatasi, akaniomba nilitamke jina langu polepole mara tatu, akaliandika kwa namna yake. Jioni ile lilipotoka kwenye kipaza sauti bila kosa hata moja, wenzangu wa darasani waliokaa kwenye tuta la nyasi walinyanyuka. Walikuwa hawajawahi kulisikia jina langu kamili. Tulipoteza mechi ile kwa mawili kwa moja, na Jumamosi iliyofuata walirudi.

Mama wa Uvira alijibu:

Wanangu, nawasalimu. Mimi ni Mkongomani, nimeishi jimbo la Iowa kwa miaka saba, na watoto wangu wawili wanacheza soka katika shule ya sekondari. Nasoma maelezo yenu juu ya wanafunzi na wazazi, nami naona mmesahau watu wengine walio karibu na uwanja.

Katika mji wetu zipo familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, kutoka Kivu, kutoka Burundi, na nyingine zilizopitia kambi za Tanzania na Kenya. Jumapili baada ya ibada vijana hucheza kwenye uwanja wa bustani ya mji, na watu husimama kuuzunguka uwanja wote, akina mama wakiwa na watoto mgongoni. Hakuna kiingilio, hakuna tangazo. Dakika kumi kwa gari kutoka pale kuna chuo chenye uwanja wa nyasi bandia, taa, na majukwaa ya chuma, na kwa miaka mitatu sikujua kwamba mtu wa nje anaruhusiwa kuingia. Nilidhani ni mali ya watu wa chuo. Hakuna aliyetufukuza, ila hakuna aliyetuita pia.

Niliingia mara ya kwanza kwa sababu kijana mmoja wa timu yao, mtoto wa Bujumbura, alikuja kanisani kwetu akatukaribisha kwa mdomo wake. Tulikwenda watu 14. Mwanangu mdogo alishangaa kuona saa ya uwanjani ikihesabu kurudi nyuma kutoka 45 hadi sifuri, akadhani imeharibika. Walifungwa siku ile, matatu kwa moja, lakini baada ya mpira wachezaji walikuja hadi kwenye uzio wakawapa watoto mikono, na kipa akamvalisha mwanangu glavu zake zilizolowa. Tangu hapo mwanangu hataki kukosa, na hajawahi kuniuliza timu iko nafasi ya ngapi.

Mnajua habari za Lewiston, katika jimbo la Maine, ambako timu ya shule ya sekondari iliyojaa watoto wa wakimbizi, baadhi yao waliokulia katika kambi za Kenya, ilichukua ubingwa wa jimbo mwaka 2015 mbele ya maelfu ya watu. Wale watazamaji walikuwa mji uleule ambao miaka michache kabla ulikuwa ukigombana juu ya wageni. Kwa hiyo Mtanga, mwanangu, kabla ya kuwatafuta vibonde wa kucheza nao, waulize walio nje ya uzio kama wanajua kwamba lango liko wazi.

Mtanga wa Pennsylvania alijibu:

Mama, shikamoo, na nawashukuru pia Kaka na Mwalimu. Nimerudi kwenye karatasi ya mechi kama Kaka alivyodokeza, na kweli: hadi dakika ya 60 tulikuwa tumefungwa matatu, na mengine matatu yaliingia katika dakika 22 za mwisho, wakati viungo wetu wawili walikuwa hawajapumzika hata mara moja. Nimempelekea kocha hesabu hiyo, naye ameahidi kuwapa nafasi mapema vijana watatu wa mwaka wa pili hata kama itatugharimu bao sasa.

Kwa mkubwa wangu nimepeleka hoja ya Mwalimu kuhusu mashindano ya mwisho wa msimu. Ligi yetu huchukua timu sita, nasi tuko nafasi ya saba, pointi mbili nyuma, zikiwa zimebaki mechi nne za ligi. Alikuwa hajalitazama hivyo, na amekubali mpango wa msimu ujao usiguswe kwanza. Kesho nitabandika msimamo huo katika mlango wa kila bweni, pamoja na majina ya wachezaji na vyumba vya madarasa wanamosoma, na nimeshawapata vijana watatu kati ya wale wanne wa ngoma. Nimewaambia ukweli kwamba tunaweza kufungwa tena.

Jumatano ijayo tunacheza usiku, chini ya taa, na timu iliyotufunga bao moja mwaka jana katika dakika ya 88. Hapa mjini kuna familia kama 20 za Wakongomani na Wasomali ambazo sijawahi kuzifikia. Mama, naomba unisaidie jambo moja: nimeandaa karatasi fupi ya Kiswahili inayosema kwamba kuingia ni bure, watoto wanakaribishwa, na mpira unaanza saa 7. Je, inatosha?

Mama wa Uvira alijibu:

Marahaba mwanangu. Ondoa hiyo saa 7, kwani mama atakayeisoma kwa Kiswahili atafika saa saba mchana na kukuta uwanja mtupu. Andika "saa moja jioni" kwa maneno, na chini yake uweke 7:00 kwa ajili ya watoto, maana wao husoma saa ya Marekani. Andika pia mahali pa kuegesha gari na kwamba pana choo. Halafu usiibandike ukutani tu; mpe mchezaji mmoja aipeleke mlango kwa mlango, na avae jezi.